Mashua Inayoundwa Kitandani

Msomaji wetu mmoja, mkazi wa Kilwa Masoko, ametuletea barua ya kurasa nne, nasi tumeisoma mara mbili kabla ya kuiweka chini. Ni mtu wa miaka 41, karani wa ghala, mwenye mke na watoto watatu. Mchana kutwa huandika magunia ya ufuta na korosho, yaliyoingia na yaliyotoka. Jioni, akirudi kwake, hupitia pwani karibu na gati, mahali ambapo fundi mmoja na vijana wake wawili wanaunda mashua. Husimama kidogo akatazama. Kisha huenda nyumbani, hula, hujilaza. Na hapo kitandani, taa ikiisha kuzimwa, ndipo kazi anayoipenda huanza. Hulaza mkuku, husimamisha mataruma, hupigilia mbao moja baada ya moja, hukalafati, hupaka sifa, hata mlingoti ukasimama na tanga likafungwa kwenye foromali. Kwa hesabu yake mwenyewe, tangu mwaka juzi amekwisha kuunda mashua saba. Wala hajapata kushika tezo hata siku moja.

Anatuuliza mambo mawili. La kwanza, je, mawazo hayo ni upuuzi, au pengine ni kosa, kwa mtu mzima mwenye jamaa ya kulisha? La pili, je, kwa umri wake yawezekana kweli kuwa fundi, au anajidanganya? Tena anaungama, kwa unyofu uliotupendeza, ya kuwa kabla ya mashua alikuwa akiota kusema Kiarabu, na kabla ya Kiarabu kutengeneza injini za magari, na kabla ya hayo kupiga kinanda.

Tungaliweza kumjibu kwa faragha. Lakini twadhani wapo wengi wenye mashua kama hizo vichwani mwao, nao hawaandiki barua. Mhariri mwenyewe hana jiwe la kumtupia mtu. Katika kabati lake kimo kitabu cha kujifunzia kinanda alichokipata seminari kuu, na kurasa zilizochakaa katika kitabu hicho ni tatu za mwanzo tu. Zilizobaki ni safi kana kwamba zimetoka kiwandani jana.

Swali la kwanza halitatuchukua muda. Kuona kwa mawazo kitu ambacho hakijawapo si kosa, wala si upuuzi. Mafundi wa pwani yetu wameunda vyombo tangu zamani bila michoro ya karatasi. Fundi huutazama mti uliolala chini, naye huiona taruma ndani ya tawi lililopinda. Asiyeweza kuona hivyo hawezi kuunda. Basi msomaji wetu asione haya kwa sababu ana macho ya namna hiyo.

Lakini kuna tofauti kati ya macho ya fundi na macho ya karani wetu, na tofauti hiyo imo ndani ya barua yenyewe. Tumehesabu mistari. Siku ya kushua chombo, yaani umati uliokusanyika, ngoma, sinia za pilau, na wazee wakiuliza ni nani aliyeunda mashua nzuri namna hii, imepewa ukurasa mmoja na nusu. Tezo imepewa mstari mmoja. Katika mashua hizo saba hatukusoma hata mara moja habari ya ubao uliopasuka, wala msumari uliopinda, wala mkono uliovimba. Fundi wa kweli akifumba macho huona pia fundo la mti litakalomsumbua kesho. Ndoto yake imeingia maji na vumbi. Ya msomaji wetu bado ni kavu.

Hapa yafaa tumwite mwalimu wa zamani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alichunguza tumaini, na kabla ya kulisema kama fadhila ya Kimungu alilichunguza kama mwendo wa kawaida wa moyo wa kila mwanadamu. Aliona ya kuwa kitu kinachotumainiwa lazima kiwe na sifa nne pamoja: kiwe chema, kiwe bado hakijaja, kiwe kigumu kupatikana, tena kiwe chawezekana. Ikikosekana moja, lile lililobaki moyoni ni kitu kingine, wala si tumaini.

Sasa tupime. Usiku, kitandani, mashua ya msomaji wetu ni njema, haijaja, na yaonekana yawezekana kabisa. Lakini ugumu umeondolewa. Ubao hujipinda wenyewe. Asubuhi, akiwa ghalani mbele ya daftari, ugumu hurudi wote kwa mara moja, umri, fedha, mke, watoto, maneno ya watu, na sasa ni uwezekano uliokimbia. Kwa hiyo mtu huyu, kwa miaka miwili, usiku amekuwa na jambo rahisi, na mchana amekuwa na jambo lisilowezekana. Hajapata hata saa moja ya kuwa na jambo gumu linalowezekana. Twamwambia kwa upole: ndugu, wewe wadhani umekuwa ukitumaini kupita kiasi. Sisi twaona hujaanza bado.

Tomaso huyo huyo aliuliza swali ambalo wanafunzi wa seminari hulicheka wakilikuta kwa mara ya kwanza: je, vijana na walevi wana tumaini jingi kuliko wengine? Akajibu ndiyo. Vijana, kwa sababu mbele yao kuna mengi na nyuma yao machache, tena hawajashindwa mara nyingi. Walevi, kwa sababu hawazioni hatari. Hatusemi msomaji wetu ni mlevi. Twasema kitanda kina mvinyo wake.

Siku hizi mvinyo huo wauzwa hata katika simu za mkononi. Humo utamwona seremala wa Japani akiunga mbao bila msumari, mshonaji akimaliza kanzu, mpishi, mpiga gitaa, yote kwa dakika kumi. Kutazama si vibaya. Wapo waliofundishika kweli kwa njia hiyo, wakiwa na kifaa mkononi na kusimamisha picha kila mara ili wajaribu. Lakini mtu aweza kutazama miezi sita akainuka na hisia ya kuwa amejifunza, kumbe mikono yake ni ile ile. Amekopa mikono ya mwingine. Twasikitika kusema ya kuwa wapo pia wahubiri wa mafanikio, katika redio na katika mikutano yenye kiingilio, wanaopiga kelele ya kuwa kila kitu chawezekana kwa kila mtu akiamini tu. Hilo si kweli, na mwenye kulisema hujua si kweli, maana mwenyewe asingekubali kupasuliwa tumbo na mtu aliyeamini tu.

Twende basi kwenye swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito. Yawezekana kwa miaka 41? Watu watamwambia samaki hukunjwa angali mbichi, nasi hatuwezi kuifuta methali iliyotungwa na watu waliowajua samaki. Hata hivyo, wataalamu wamelipima jambo hili kwa watu wazima, na matokeo yake yanastahili kusikilizwa hata huku kwetu Kilwa, ingawa yatoka mbali.

Madereva wa teksi za London hawapewi leseni mpaka wamejifunza kwa moyo njia za mji, mitaa ipatayo 25,000, kazi ambayo huchukua miaka mitatu au minne. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha London, Katherine Woollett na Eleanor Maguire, waliwafuata watu wazima 79 walioanza mafunzo hayo, wakawapima ubongo na kumbukumbu mwanzoni na tena baada ya miaka, wakatoa habari yao mwaka 2011. Waliofaulu walikuwa 39. Katika hao 39 sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za mahali ilikuwa imekua. Katika wengine haikukua. Watu wengi wakisimulia habari hii hukomea hapo, wakafurahi ya kuwa ubongo wa mtu mzima hukua. Sisi twataka msomaji atazame upande mwingine pia. Kwanza, karibu nusu hawakufika. Pili, na hili ndilo lililotushika, siku ya kwanza vipimo havikuonyesha tofauti kati ya atakayefaulu na atakayeshindwa. Walikuwa sawa. Lau mmoja wao angalikaa nyumbani akingoja kwanza ajue kama ataweza, angalingoja hata leo, maana jambo la kujulikana lilikuwa halijafanyika.

Hivyo swali la msomaji wetu, ambalo amelilaza kando yake kwa miaka miwili, lina kasoro katika mahali linapoulizwa. Kitandani halina jibu. Tomaso alisema ya kuwa uzoefu ndio humwezesha mtu kuliona lawezekana lile alilodhani haliwezekani. Akaongeza, kwa haki, ya kuwa uzoefu huo huo waweza kumwonyesha haliwezekani lile alilodhani jepesi. Majibu yote mawili hutoka mlango mmoja. Na karne nyingi kabla yake Aristoteli wa Uyunani alikuwa amekwisha kusema ya kuwa mambo tunayopaswa kujifunza kabla ya kuyatenda, twajifunza kwa kuyatenda. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga. Maneno hayo huonekana kama mchezo wa maneno mpaka siku umeshika keekee kwa mara ya kwanza ukaona uzi unateleza, fundi akakucheka, na mara ya ishirini uzi ukashika.

Fundi akakucheka. Twadhani hapa ndipo palipo na kidonda, nasi twaomba radhi kwa kukigusa. Katika ukurasa wa mwisho wa barua yake, kana kwamba ni jambo dogo, msomaji wetu anataja ya kuwa fundi yule wa pwani ana miaka 29, na vijana wake hawajafika 20. Hakusema zaidi. Lakini mtu hazungumzii umri wa watu wengine bure. Karani ni mtu wa kuheshimiwa, watu humwamkia, huenda mmoja wa vijana hao ni rafiki wa mwanawe. Kuinama mbele yao, kuambiwa leta maji, shika hapa, la, si hivyo, hilo si jambo la mikono. Wengi wetu tusemapo sitaweza, kama tungejichunguza kwa ukweli, tungeona tunasema sitaki kuonekana nisipoweza.

Jirani zetu wa Kenya walipata mtu aliyeishinda aibu hiyo mbele ya ulimwengu wote. Kimani Maruge alikuwa mzee wa miaka 84, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, asiyejua kusoma. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, yeye aliyachukua maneno hayo kama yalivyosemwa, na Januari 2004 akaenda shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akakaa darasa la kwanza kati ya watoto, amevaa kaptura na soksi ndefu kama sare ilivyotaka. Alisema alitaka kusoma Biblia mwenyewe, tena kuweza kuhesabu fedha zake. Tazameni jinsi shabaha hizo zilivyo ndogo na wazi! Hakuota kuwa profesa. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaenda New York kusema juu ya elimu katika Umoja wa Mataifa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwisho wa 2007 zilimpotezea mali, akaishi kambini katika hema, na kutoka kambini akaendelea kwenda shuleni kwa miguu. Mwaka 2008 alihamia Nairobi, akaingia darasa la sita katika shule nyingine. Agosti 2009 alifariki dunia, hajamaliza shule ya msingi.

Je, alishindwa? Kwa daftari la karani, ndiyo: safu ya mwisho haikujazwa. Lakini yeye hakutafuta safu ile.

Wala si Kenya tu. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha ya kuwa karibu watu wazima wawili kati ya watatu wa Tanzania hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kusema mwaka 1964 ya kuwa watoto hawataweza kuibadili nchi kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini, na kwa hiyo wakubwa lazima wajifunze sasa. Na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wengi wa wasomaji wetu wana bibi au babu aliyekwenda jioni katika darasa hilo, akashika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe, mbele ya mwalimu aliyeweza kuwa mjukuu wake. Waulizeni, kama wangali hai, ni nini kilichokuwa kigumu. Twadhani hawatataja herufi kwanza.

Na wapo ambao hawakuwa na nafasi hata ya kuota. Wanawake wa pwani ya Unguja walianza kulima mwani wa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na kazi hiyo ikaenea katika pwani ya bara hata Songosongo, hapa hapa wilayani Kilwa. Walijifunza wakiwa watu wazima: kamba, vigingi, kupwa na kujaa. Kisha bahari ilipopata joto, ile aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi ikaanza kufa katika maji mafupi, na wataalamu kama Dakta Flower Msuya wa Unguja wakawaonyesha namna ya kuupanda katika maji marefu kwa nyavu. Maji marefu yataka mtu anayejua kuogelea au mwenye chombo, na wengi wao, waliozaliwa hatua chache kutoka baharini, hawakujua kuogelea. Kwa hao ufundi mpya haukuwa ndoto tamu ya usiku. Ulikuwa njaa ya mwezi ujao. Twalitaja jambo hili ili msomaji wetu ajue ya kuwa uchaguzi alio nao yeye, kuanza au kutoanza, ni neema ambayo wengine hawakupewa.

Tusije tukaonekana twamsukuma mtu majini bila kumwambia kina. Kuhesabu gharama ni wajibu, na mfano wa mtu aliyeanza mnara asiweze kuumaliza twaujua sote. Sisi wa Kilwa hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta mnara huo. Vuka kwa mashua hadi Kisiwani, fuata pwani kuelekea mashariki, upande mwamba wa Husuni Kubwa. Jumba lile, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane, lilijengwa katika wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Neville Chittick, aliyechimbua magofu hayo katika miaka ya 1960, aliona ya kuwa halikumalizwa, na watu hawakukaa ndani yake kwa muda mrefu. Lilikuwa kubwa kuliko mji ulivyoweza kubeba. Lakini Sultani huyo huyo aliuongeza ukubwa Msikiti Mkuu. Sehemu ya paa ikaanguka baadaye, na katika karne ya 15 watu wa Kilwa wakaisimamisha tena, wakarekebisha nguzo. Msikiti huo ulikuwa kando ya nyumba zao, wakiutumia kila siku, hivyo walikuwa na sababu ya kuurudia. Jumba la mwambani halikuwa na wa kulirudia.

Ndiyo maana hatumshauri msomaji wetu aache ghala. Watoto watatu hawali mataruma. Tena hatumshauri anunue mbao, maana twamjua mtu aliyenunua cherehani, vitambaa, na meza ya kukatia kabla hajashona kifungo, na leo meza ile huwekewa sufuria. Wala hatudhani atakuwa fundi mkuu. Yamkini mikono yake itakuwa hodari wa kukalafati tu, akaishia hapo. Au ataona, baada ya miezi mitatu, ya kuwa alichopenda ni kutazama. Akiona hivyo, hatakuwa amepoteza. Atalala usingizi, jambo ambalo kwa miaka miwili halifanyi vizuri. Na Kiarabu na kinanda vilivyotangulia? Twashuku ya kuwa viliachwa kwa namna moja: havikushindwa, maana havikujaribiwa, vilichukuliwa nafasi tu na ndoto nyingine iliyo mbichi zaidi. Mashua nayo itachukuliwa nafasi mwakani, kama haikupewa kazi ya mikono kabla ya hapo.

Jambo moja katika barua limetushangaza kuliko yote. Mkewe hajui. Amelala kando yake usiku zote saba za kushua chombo, na hajui. Twamwomba aanze hapo, kabla ya kwenda kwa fundi. Amwambie leo, hata kama atachekwa, na kicheko cha nyumbani kitamzoeza kile cha pwani.

Kisha kuna hesabu ya saa, ambayo ameiandika mwenyewe bila kujua anajijibu. Anasema fundi huanza kazi jua linapochomoza, apate kutangulia joto. Anasema pia ghala hufunguliwa saa mbili, na kutoka pwani hadi ghalani ni mwendo wa dakika kumi. Vijana wale wawili, kwa maneno yake, hawatoshi kuushika ubao mrefu unapopindishwa; mara nyingi fundi huita mpita njia aje kushika ncha ya tatu. Yeye amepita hapo kila jioni kwa miaka miwili. Asubuhi hajapita.